Dalili za Mvua ya Nthwa

Wako watu duniani ambao mwaka wao hufunguka siku barafu ya maji yao inapopasuka. Hukaa miezi mingi wakitazama ziwa au mto ulioganda mbele ya nyumba zao, maji yakiwa magumu hata watu wakapita juu yake kwa miguu. Kisha, mwishoni mwa majira ya baridi, husikia mlio kama wa mti unaovunjika, na hapo hujua ya kuwa jua limeanza kushinda. Katika mji wa Tornio, nchini Finland, kando ya mto unaopakana na Sweden, tarehe ya kupasuka kwa barafu imekuwa ikiandikwa tangu mwaka 1693. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilifurahi peke yangu kama mtu aliyepata barua kutoka kwa jamaa, maana niliwatambua watu wale. Mimi sijapata kuona ziwa lililoganda, lakini najua maana ya kutazama kitu kile kile kila asubuhi, kukitegea sikio, na kusema moyoni, "Si leo, labda kesho." Kwetu Ukambani kinachongojwa kipasuke ni ukavu.

Nyumbani kwetu ni Makueni, upande wa magharibi wa mto Athi, na kazi yangu ya ualimu iko ng'ambo ya pili, katika Kitui. Ukisimama uwanjani mwa mama yangu ukaelekeza uso mashariki, utaona ukuta mrefu wa rangi ya samawati uliolala juu ya upeo wa macho, juu yake umesawazika kana kwamba umekatwa kwa kisu. Hiyo ndiyo nyanda ya Yatta. Zama za kale mno lava ilitiririka bondeni ikaganda, nao udongo wa pande zote mbili ukamomonyoka kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka, hata kilichokuwa chini kikawa juu. Urefu wake unakaribia kilometa 300, na ni mmoja wa mitiririko ya lava iliyo mirefu kabisa duniani. Nakueleza haya, msomaji, kwa kuwa Yatta ndiyo saa yetu ya ukutani. Mvua tunayoingoja hutoka upande ule, na kabla haijatufikia hupita kwanza juu ya mgongo wake.

Katika vitabu vya jiografia umesoma ya kwamba Kenya ina mvua mbili: masika, iliyo kubwa, kuanzia Machi hata Mei, na vuli, iliyo ndogo, kuanzia Oktoba hata Desemba. Maneno hayo ni ya kweli mahali pengi, lakini ukija nayo kwetu wazee watakutazama kwa huruma. Mvua ya Machi, ambayo Wakamba huiita uua, ni kama mgeni anayeahidi kuja na asije, au akaja akakaa siku mbili akaondoka bila kuaga. Mvua ya Novemba ndiyo inayotulisha. Jina lake ni mvua ya nthwa. Ukilitamka neno hilo taratibu masikio yako yatakuambia kwamba ni ndugu wa neno mchwa la Kiswahili, na ndivyo lilivyo. Mvua hiyo imeitwa kwa jina la wadudu wanaotoka ardhini kuishangilia. Tutawaona mbele kidogo.

Kati ya mvua hizo mbili uko ukavu mrefu wa tangu Juni hata Oktoba. Julai na Agosti mbingu hufunikwa na mawingu mazito ya kijivu, baridi huingia mifupani, na mgeni aliyetoka pwani aweza kuapa kwamba mvua itanyesha kabla ya adhuhuri. Hainyeshi. Mawingu hayo hayana kitu ndani yake ila manyunyu ya kulowesha majani ya vilimani, Mbooni na Kilungu, na sisi wa nchi ya chini hatupati hata hayo. Septemba mawingu huondoka, na jua hutushukia bila pazia. Nyasi zilizokuwa za manjano huwa nyeupe, kisha hutoweka. Miti hubaki mifupa. Kisulisuli huzunguka mashambani mchana kikibeba vumbi jekundu, na watoto hukikimbiza wakikizomea.

Wakati huo maisha yote huhamia mtoni. Usidhani, msomaji, ya kuwa nasema mto wenye maji. Mito yetu mingi, kama Thwake na Kaiti huku Makueni, na Tiva na Nzeeu huko Kitui, wakati wa ukavu ni barabara pana za mchanga. Maji yamo chini. Mtu huchimba kisima kidogo mchangani, hungoja maji yajikusanye, huteka kwa kata, humimina katika mtungi, hungoja tena. Mwezi wa Juni kisima hicho chaweza kuwa na kina cha goti. Oktoba mtu huingia ndani akaonekana kichwa tu. Punda husimama juu wamefumba macho. Ndiyo maana utaona katika wilaya zetu kuta za saruji zilizojengwa kukata mito hii kutoka ukingo hata ukingo. Kila mafuriko yakija huacha mchanga nyuma ya ukuta, na mchanga huo huyafumbata maji kama sifongo, jua lisiweze kuyanyonya wala ng'ombe kuyachafua. Watu wa Kitui na Makueni wamejenga kuta nyingi sana za namna hii. Na ndiyo maana vilevile mzee wa kwetu akiona lori linachota mchanga usiku huliita mwizi wa maji. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mchanga mwaka 2015, nami naona ni sheria ya busara kuliko nyingi nilizozisikia.

Sasa tuzitazame dalili. Ya kwanza huja kwa pua na masikio kabla ya macho. Siku moja ya Septemba au Oktoba, unapopita katika kichaka kilichokufa kwa ukame, unasikia mvumo. Unatazama huku na huku, huoni jani hata moja. Kisha unagundua kwamba kikwata, yule mgunga mbaya mwenye miiba iliyopinda kama ndoana, amejaa maua meupe, na kila ua lina nyuki. Harufu yake ni tamu hata hukuchosha. Wafuga nyuki, ambao mizinga yao ya magogo huning'inia mitini tangu enzi za mababu, huanza hapo kuinuka na kutazama juu. Baada ya kikwata huja miti mingine. Na mbuyu, mkubwa wa wote, hutoa majani mabichi juu ya kiwiliwili kile cha kijivu wakati ambapo hakujanyesha hata tone.

Nilipokuwa mtoto niliamini ya kuwa mbuyu husikia mvua ikiwa bado baharini. Baadaye, katika chuo cha ualimu, nilijifunza kwamba shina la mbuyu ni ghala la maji, na wataalamu wa mimea wameona ya kuwa mti huo hutumia akiba yake kutoa majani mapya kabla ya mvua, ili matone ya kwanza yanapoanguka uwe tayari una vinywa vya kula jua. Miaka mingi ya kuishi katika nchi ya majira imeufundisha kuanza mapema. Nilidhani elimu hii ingenipunguzia ajabu ya mbuyu, nayo ikaniongezea. Mti usio na macho wala jembe unatoa akiba yake ya mwisho kwa kutumaini mvua ambayo haijaonekana! Ukitaka kuuheshimu zaidi, simama karibu nao jioni ya Novemba utazame ua lake kubwa jeupe likifunguka, maana hufunguka magharibi jua likituwa, na wageni wake ni popo.

Dalili ya pili ni sauti. Alfajiri, giza likiwa bado halijaondoka vizuri, ndege mmoja huanza kuita noti tatu zinazoshuka, tena na tena, bila kupumzika na bila kuchoka. Ni kekeo mwenye kifua chekundu, na katika sehemu nyingi za Afrika, kutoka kwetu hata kusini kabisa, watu humwita ndege wa mvua. Si rahisi kumwona, kwa kuwa hukaa ndani ya mti wenye kivuli. Sababu ya makelele yake si ya kishairi sana: anatafuta mke na kutangaza mipaka ya eneo lake, kwa maana majira ya mvua ndiyo majira ya ndege wadogo kujenga viota, naye kekeo hajengi, hutaga yai lake katika kiota cha mwingine akaacha watoto walelewe bure. Mama yangu hampendi kwa tabia hiyo. Hata hivyo, siku anapomsikia kwa mara ya kwanza huacha analolifanya, akasimama, akanyamaza.

Kisha huja wageni wa kaskazini. Mbayuwayu huonekana juu ya waya za umeme barabarani. Korongo weupe hutua mashambani katika miaka yenye viwavi. Na kuelekea mwisho wa Novemba kozi wadogo waliotoka Siberia na kaskazini ya China, wakavuka Bahari ya Hindi, hupita juu yetu kwa makundi wakiifuata mvua, kwani mvua ndiyo inayowaandalia kumbikumbi. Huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, si mbali na mpaka wa Makueni, ndege wahamao wamekuwa wakinaswa na kuvikwa pete miguuni tangu mwaka 1969. Hufanyika hasa usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, wakati taa za hoteli iliyoko mlimani huwavuta kutoka angani. Wamevikwa pete mamia ya maelfu, na baadhi yao wamekuja kupatikana baadaye Urusi na nchi nyingine za mbali. Kwa hiyo huenda mbayuwayu ninayemwona juu ya waya katika Oktoba alizaliwa katika banda kando ya ziwa la Finland, na Aprili ijayo atarudi kule barafu ikiwa imeyeyuka karibuni. Yule mtu wa Tornio na mimi tunamngoja ndege mmoja, kila mtu kwa zamu yake.

Dalili za mbinguni nitazitaja kwa ufupi, kwa kuwa kila mzee anazo zake na hawakubaliani. Upepo hugeuka: kusi hulegea, siku kadhaa hakuna upepo wowote, kisha hewa huanza kuja kutoka kaskazini-mashariki ikiwa nzito na yenye unyevu. Usiku huwa wa joto, hata watu huburuta mikeka wakalala uani. Jioni za Novemba nyota za Kilimia, zile sita au saba zilizobanana, huchomoza mashariki mara baada ya jua kuchwa, na jina lake lenyewe lakuambia ni za kazi gani. Halafu, usiku mmoja, nyuma ya Yatta, umeme humulika bila sauti. Hauna ngurumo kwa sababu ni mbali mno. Waweza kuumulika ukuta wote wa mlima mara moja na kuuzima. Watoto huhesabu, watu wazima hujifanya wanazungumza habari nyingine.

Nini kinachotendeka huko juu? Jua, ambalo mwezi wa Juni lilikuwa kaskazini mwa dunia, huvuka ikweta kuelekea kusini karibu na tarehe 23 Septemba, na ule ukanda wa mawingu ambao hewa ya moto huinuka ndani yake hulifuata nyuma kwa majuma kadhaa. Unapotupitia ukishuka ndiyo nthwa. Unapopanda tena ndiyo uua. Lakini ukanda huo hutegemea pia bahari. Sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi, iliyo karibu nasi, ikiwa na joto kuliko kawaida na ile ya mashariki karibu na Indonesia ikawa na ubaridi, mvua yetu hufurika, kama ilivyokuwa mwaka 1961, 1997 na 2019. Mambo yakigeuka, tunakauka. Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ilishindwa mfululizo katika sehemu kubwa za mashariki mwa Kenya, Ethiopia na Somalia. Jambo hilo halikuwa limeonekana katika miongo mingi ya kumbukumbu.

Nataka uishike habari hiyo ya misimu mitano, msomaji, kwa maana katika Oktoba zote tatu kikwata kilichanua, mbuyu ulitoa majani, na kekeo aliita mpaka sauti ikamkauka. Dalili zote zilikuwepo. Mvua iliyofuata ilitosha kuotesha mbegu, haikutosha kuzilea. Mahindi yalifika urefu wa kiganja yakajikunja kama karatasi iliyoletwa karibu na moto. Na ili mambo yasiwe rahisi kueleweka, katika msimu mmojawapo wa hiyo iliyohesabiwa kuwa mikavu, tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba watu waliokuwa wakienda arusini lilichukuliwa na maji ya mto Enziu, karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mto wa mchanga hukauka miezi sita ukawasahaulisha watu kwamba ni mto. Mvua yaweza kuwa imenyesha milimani, mahali uliposimama pakiwa pakavu na jua linawaka. Husikia ila mngurumo kama wa lori, na ukitazama waona ukuta wa maji ya rangi ya udongo wenye magogo na matawi mbele yake. Kama unakaa karibu na mto wa namna hiyo, usiulize maji yana kina gani. Rudi ukingoni.

Basi ilipofika Oktoba ya 2023 swali halikuwa kama dalili zimeonekana. Swali lilikuwa dalili zina thamani gani. Mama yangu alikuwa na madebe mawili na nusu ya mbegu: ndengu, kunde, na mahindi ya Katumani, yale mafupi yaliyotolewa katika kituo cha utafiti karibu na Machakos kwa ajili ya nchi zenye mvua fupi. Mbegu nyingine alikuwa amezinunua kwa bei ya mbuzi wake wa mwisho aliye jike. Hakuna nyingine zilizokuwa ndani ya nyumba. Mjukuu wake, binti wa marehemu dada yangu, alikuwa kidato cha pili, na karo yake ya mwaka uliokuwa ukija ilikuwa ndani ya madebe yale, ikiwa bado haijaota.

Kwetu kuna namna mbili za kupanda. Ya kwanza ni kupanda pakavu: unazika mbegu vumbini kabla ya mvua, ili tone la kwanza lizikute pale pale na zisipoteze hata siku moja ya unyevu, maana msimu wetu ni mfupi mno. Ndengu huhitaji siku kama sabini hivi, na wakati mwingine mvua haitoi hizo. Anayepanda mapema hupata nguvu ya kwanza ya udongo. Lakini mvua ya kwanza ikiwa ya kudanganya, ikanyesha usiku mmoja na kukaa majuma mawili, mbegu yote hupotea. Namna ya pili ni kungoja ardhi ilowe kweli kweli, na hatari yake ni kuchelewa. Hakuna katika hizo iliyo salama. Mkulima wa Ukambani, kabla ya kila Novemba, hufanya hesabu ambayo benki ingekataa kuifanya.

Redio ilikuwa ikisema kwamba mvua itakuwa kubwa kupita kiasi. Wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa walikuwa wameona joto la bahari zote mbili, ya Pasifiki na ya Hindi, na wakaonya mapema juu ya El Niño. Nilifika nyumbani Jumamosi moja nikamkuta mama ameketi chini ya mkwaju anachagua ndengu, mbovu huku, nzima kule. Nikamweleza niliyoyasikia.

"Hao watu wa redio," akasema bila kuinua macho, "wametaja mlima wetu?"

"Hawataji mlima, Mama. Wanataja nchi nzima ya mashariki."

"Basi wamesema kweli yao. Mimi nalima hapa."

Nikamkumbusha ya miaka ile mitatu. Kwamba kekeo aliita na hatukuvuna. Aliendelea kuchagua kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, ndege hakusema tutavuna. Alisema wakati umefika. Uliyemsikia akisema tutavuna ni wewe."

Nimeyafikiri maneno yake mara nyingi, na kama mwalimu naona yana sayansi ndani yake kuliko alivyojua, au labda alijua. Mti na ndege hufuata kalenda ya jua na unyevu wa hewa. Waweza kukuambia kwamba mlango uko karibu kufunguliwa, hawawezi kukuambia ni kiasi gani kitaingia. Mtabiri wa hali ya hewa, anayepima bahari, anakuambia kiasi, walakini hawezi kukuambia kama wingu litaangukia shamba lako au la jirani. Wako vijana wanaocheka dalili za wazee, na wako wazee wanaozima redio. Mimi naona wote wawili wanatupa nusu ya habari waliyopewa bure.

Mama hakuzima redio. Alizigawa mbegu mafungu matatu. Fungu la kwanza tulilipanda pakavu katika matuta ya juu, yale ya fanya juu, ambayo kikundi cha mwethya kilikuwa kimeyakarabati mwezi uliotangulia. Akina mama kumi na wanane, leo shamba hili, kesho lile, kwa jembe na sururu. Fungu la pili liliwekwa ghalani kungoja ardhi ilowe. La tatu alilitia katika kibuyu, akakifunga kwa gunzi la hindi, akakiweka juu ya dari penye moshi, na hakusema ni la nini. Majirani walikuwa wamepanda zote, wengine kwa kuiamini redio, wengine kwa kumwamini kekeo, na mmoja, mzee mwenye mzaha, alisema amepanda zote kwa sababu panya wangezila.

Ilikuja usiku. Kwanza upepo wa baridi uliopiga milango, kisha kimya, kisha matone makubwa juu ya mabati, moja moja, kana kwamba mtu anarusha punje za mahindi. Halafu harufu. Huhitaji nikueleze harufu hiyo kama umezaliwa Afrika. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia waliichunguza wakaitungia jina, na tumejua tangu wakati huo kwamba hutokana na mafuta ya mimea yaliyonyonywa na mawe na udongo wakati wa ukame, pamoja na kitu kinachotengenezwa na vijidudu vya ardhini. Pua ya binadamu hukinusa kitu hicho hata kikiwa kidogo mno. Sijui faida yake kwetu ilikuwa nini hapo kale. Najua tu kwamba watu wazima walitoka nje na mashuka yao wakasimama mvuani.

Asubuhi ardhi ilikuwa imefunikwa mbawa. Kumbikumbi walikuwa wametoka matunduni kwa maelfu, na watoto wakawakamata kwa ndoo za maji na kwa mikono, wakala wengine papo hapo, wengine wakapelekwa kukaangwa. Kuku walivimba. Mama alipita katikati ya furaha hiyo yote akaenda shamba la chini, akapiga magoti, akachimba kwa vidole. Unyevu ulikomea kwenye kifundo cha mkono. Chini yake vumbi lilikuwa kavu na la joto.

"Bado," akasema, akarudi nyumbani kukaanga kumbikumbi.

Alingoja siku sita. Sitakuficha, zilikuwa siku ndefu. Kila jembe lililosikika kwa jirani lilikuwa kama linatusema sisi. Siku ya saba mvua ya pili ilishuka mchana kutwa, naye alipochimba akafika kiwiko bila kukuta ukavu. Tukapanda fungu la pili mpaka giza likatuzuia kuona mashimo.

Kuanzia hapo mvua ilisahau njia ya kwenda. Novemba ile ilifanya kama ilivyoonya redio, na zaidi. Mito iliziba barabara Kitui na Makueni, na wazee wakaanza kuitaja Yua ya Ndeke, njaa ya eropleni, ya mwaka 1961, wakati ukame ulipofuatwa na gharika hata chakula kikaletwa kwa ndege. Matuta ya juu yalishika. Yalijaa maji, yakayameza, yakajaa tena, na ndengu za fungu la kwanza zilisimama humo zikiwa za kijani cha kuumiza macho. Shamba la chini halikuwa na bahati hiyo. Theluthi yake nzuri ilizolewa na maji usiku mmoja, mbegu, udongo na yote, na asubuhi tulikuta mahali pake mfereji na mawe.

Mama aliutazama mfereji ule kwa muda mrefu, mikono kiunoni. Kisha alipanda juu ya dari akashusha kibuyu. Ndani mlikuwa na kunde nyingi kuliko kitu kingine, ambazo hukomaa upesi na majani yake hulika kabla ya punje. Tulizipanda kwa mistari kando ya mfereji, yeye akichimba, mimi nikidondosha punje tatu tatu, na binti yule wa dada yangu akifukia kwa mguu. Juu yetu kozi walikuwa wakipita kuelekea kusini, makundi kwa makundi, bila kutua. Tulipomaliza alikitikisa kibuyu, kikalia. Zilikuwa zimebaki punje chache. Akakifunga tena kwa lile gunzi.